Gita Lililo Juu ya Kabati



Katika barua zilizotufikia mwezi huu imo moja ambayo tumeona vyema kuijibu hewani, maana jambo lake si la mtu mmoja. Mwandishi ni ndugu wa miaka 47. Anasema kwamba katika ujana wake alipiga gita katika bendi ndogo ya kwao, harusini na katika mahali pengine ambapo pombe haikukosekana. Alipokuwa na miaka 22 aliokoka. Akasimama mbele ya ndugu akatubu, na gita akalitia katika gunia akaliweka juu ya kabati. Hakuligusa tena. Sasa vijana wa kanisa lake hawana mpigaji, kwa kuwa yule waliyekuwa naye amepata kazi mjini. Binti yake, ambaye ni mmoja wa hao vijana, alimwuliza, "Baba, ni kweli ulikuwa ukipiga?" Usiku mmoja akafunga mlango, akalishusha lile gunia. Baada ya dakika kumi vidole vilimwuma sana, na sauti iliyotoka ilikuwa kama ya debe. Akalirudisha juu. Anatuuliza mambo mawili: Je, ni halali kwake kulirudia gita? Na je, yawezekana?

Sisi wahubiri tuna desturi ya kuanza na swali la halali. Leo tutaanza na lile la pili. Sababu yetu ni kwamba tumepata kuona zaidi ya mara moja mtu akisema, "Dhamiri yangu hainiruhusu," kumbe visivyomruhusu ni vidole. Yafaa mtu ajue kwanza anaogopa nini.

Basi, tuanze na gita lenyewe. Gita lililokaa miaka 25 juu ya kabati si lile lile lililowekwa. Mbao hunywa unyevu wakati wa masika na kukauka wakati wa kiangazi, mwaka kwa mwaka, na gundi nayo huzeeka. Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, kana kwamba mtu mzima ananing'inia hapo usiku na mchana. Zikiachwa hivyo miaka mingi, shingo ya gita hupinda kidogo kidogo, nazo nyuzi huinuka mbali na ubao. Kuzibana hapo kwataka nguvu ya mhunzi. Ndugu yetu aliona kwamba vidole vyake vimekufa. Yamkini vidole havikuwa na kosa lo lote, ni shingo iliyopinda.

Kupima si kazi ngumu. Shingoni mwa gita vimelazwa vijiti vya chuma, na kati ya kimoja na kingine pana nafasi ya kuweka kidole. Hesabu vijiti hivyo kutoka upande wa kichwa hata ufike cha 12. Hapo mwanya ulio kati ya uzi na chuma uwe milimita mbili au tatu. Ukiweza kupitisha kidole chini ya uzi, mpelekee fundi. Litazame na daraja, yaani ule ubao mdogo tumboni ambako nyuzi zimefungwa. Ukiona limeanza kubanduka, usizikaze nyuzi hata kidogo, maana litang'oka lote. Nyuzi za zamani zitolewe zote, moja moja, nawe ugeuze uso unapozifungua, kwa kuwa uzi wenye kutu hukatika ghafula na waweza kuchoma jicho. Tena liko neno ambalo wauzaji hawalisemi daima: gita lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni lisitiwe nyuzi za chuma. Nailoni huvuta kilo 40 hivi tu. Ukilibebesha chuma, umelitwika mzigo ambao halikuumbiwa, na tumbo lake litatuna au kupasuka.

Kisha nyuzi zipatanishwe. Siku hizi ziko programu katika simu za mkononi za kusaidia kazi hiyo, nazo ni nzuri, lakini asiye nayo asihuzunike. Na apate sauti moja ya kweli katika kinanda cha kanisa, sauti ya A, na kwa hiyo auweke sawa uzi wa tano, ambao hutikisika mara 110 kwa sekunde moja. Uzi wa sita, ule mnene kupita yote, ukibanwa katika nafasi ya tano yapasa utoe sauti ile ile ya uzi wa tano ulio wazi. Wa tano ukibanwa hapo hapo hutoa sauti ya wa nne, na wa nne hutoa ya wa tatu. Wa tatu una desturi yake: hubanwa katika nafasi ya nne ili kuupata wa pili. Halafu wa pili hurudi katika nafasi ya tano kuupata wa kwanza. Nyuzi mpya hulegea siku kadhaa za mwanzo, kwa hiyo mpigaji asizikasirikie.

Mtume Paulo, katika sura ya 14 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, auliza jinsi watu watakavyolitambua lipigwalo kama filimbi au kinubi havitofautishi sauti zake. Paulo alikuwa akisema habari za lugha, wala hatutaki kumlazimisha afundishe gita. Lakini alitwaa mfano ambao kila mwenye masikio katika Korintho aliujua. Wako wapigaji katika makanisa yetu wenye bidii kubwa ambao hawajapatanisha nyuzi tangu Krismasi, nasi tunawasihi kwa upendo.

Sasa tufikie vidole. Ngozi ya ncha za vidole vya mkono wa kushoto ilikuwa na sugu wakati ule wa ujana. Sugu hizo zilikwisha zamani. Mtu aweza kudhani kwamba mkulima, ambaye mikono yake ni migumu kwa jembe, hana shida hiyo. Lakini jembe huotesha sugu kiganjani na kwenye mashina ya vidole, na gita lataka sugu kwenye ncha kabisa, mahali ambapo jembe haligusi. Kwa hiyo mkulima na karani huanza mahali pamoja. Sugu mpya huchukua majuma mawili, matatu, pengine manne. Haziji kwa kulazimishwa. Anayepiga saa mbili Jumamosi hupata malengelenge, hukaa juma zima yakipona, na Jumamosi nyingine huanza upya pale pale. Anayepiga dakika 10 au 15 kila siku, akiacha kabla ngozi haijachubuka, hufika. Akate kucha za mkono wa kushoto. Aoshe mikono mapema, wala si dakika ile ile ya kupiga, kwa sababu ngozi iliyolowa ni laini.

Kuna maumivu mawili, nayo yasichanganywe. Ncha ya kidole kuuma ni kawaida, na kutapita. Lakini kifundo cha mkono kikiuma, au vidole vikifa ganzi, au kiungo kikivimba, mpigaji na aache siku hiyo, na yakiendelea amwone daktari. Mtu wa miaka 47 si wa miaka 20. Viungo vyake huchelewa kupata moto, hasa katika nyumba za baridi kama za Limuru mwezi wa Julai. Kukunja na kukunjua vidole kidogo kwanza husaidia, na kikombe cha chai ya moto kikishikwa kwa mikono miwili husaidia vile vile, nacho hakihitaji kuhubiriwa.

Tumesema ya mbao na ngozi. Sasa kumbukumbu, na hapa tunayo habari njema. Mnamo mwaka 1885 Mjerumani aitwaye Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu cha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikuwa akikariri orodha za silabi zisizo na maana yo yote, akaziacha hata akazisahau, kisha akajifunza tena orodha zile zile. Aliona kwamba kujifunza mara ya pili kulichukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza, hata kwa mambo ambayo yeye alidhani yametoweka. Kitu kilikuwa kimebaki ambacho mwenyewe hakukijua.

Baadaye ilijulikana pia kwamba mikono ina njia yake ya kukumbuka, mbali na ile ya kukumbuka majina na tarehe. Mwaka 1953 huko Marekani, kijana wa miaka 27, Henry Molaison, alipasuliwa ubongo ili kutibiwa kifafa. Tangu siku hiyo hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya. Aliyezungumza naye asubuhi alikuwa mgeni kwake jioni. Hata hivyo mama mmoja mtaalamu kutoka Kanada, Brenda Milner, alimpa kazi ya kufuatisha kwa kalamu mchoro wa nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo tu. Ni kazi ngumu kwa mtu ye yote. Siku ya pili alifanya vizuri kuliko ya kwanza, na ya tatu vizuri zaidi, ingawa kila siku alisema hajapata kuiona kazi hiyo. Mkono wake ulikuwa umejifunza, na yeye hana habari.

Ndiyo sababu mtu aliyeliacha gita miaka 25, akiulizwa vidole vinakaa wapi katika mshiko wa G, aweza kusema, "Sijui, nimesahau." Mpe gita. Mkono unakwenda wenyewe. Pengine kidole kimoja kitakosea njia, lakini vingine viwili vitafika, na hivyo viwili vitakiita cha tatu. Watu wengi waliorudi kwenye gita wamestaajabia jambo hilo, na wengine wametokwa na machozi. Hatuoni haya kusema kwamba na sisi tukilitazama tunamtukuza Muumba. Mtunga Zaburi alisema kwamba tumeumbwa kwa namna ya ajabu, wala hakuwa amesikia habari za Molaison.

Lakini si yote yanayorudi kwa mwendo mmoja. Mishiko hurudi upesi. Wepesi wa kutoka mshiko huu kwenda ule huchelewa. Wepesi wa mkono wa kulia, hasa kwa wale waliojifunza ule mtindo wa kuchomoa nyuzi kwa kidole gumba na kidole cha shahada, huchelewa kuliko yote. Nalo sikio halikuchelewa kamwe. Sikio lilibaki na miaka 22. Linakumbuka barabara jinsi mambo yalivyokuwa yakilia, na linamsikia huyu mtu wa leo akikwaruza kama mtoto wa shule. Hapo ndipo penye maumivu kuliko ncha za vidole. Kijana anayeanza hana la kulinganisha, naye hufurahia kila sauti inayotoka. Mtu mzima anayerudi amekaa chumbani na mtu wa pili, yule aliyekuwa yeye, na huyo wa pili ni bora. Tunaamini ndilo jambo lililomfanya ndugu yetu alirudishe gunia juu ya kabati baada ya dakika kumi. Vidole vinavyouma vingempa nusu saa.

Alikuwako huko Marekani mpigaji gita wa muziki wa jazz, Pat Martino, mzaliwa wa Philadelphia. Hatumtaji kwa habari ya imani, twamtaja kwa habari ya mikono tu. Alikuwa amekwisha kuwa mashuhuri na kutoa sahani nyingi za santuri, tena angali kijana. Mwaka 1980 alipasuliwa ubongo ili kuokoa maisha yake, na alipozinduka alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya kumbukumbu zake, na gita halimwambii kitu. Alirudi nyumbani kwa wazazi wake. Mwalimu wake katika kujifunza upya akawa ni zile santuri zake mwenyewe. Hebu fikirini: kuketi chini ya mtu aliyekuwa wewe, kama mwanafunzi. Hakujaribu kumshinda, alimsikiliza. Mwaka 1987 akatoa tena santuri, nayo akaiita kwa jina la Kurudi, akaendelea kupiga miaka mingi hata alipofariki mwaka 2021.

Ndugu yetu hakupatwa na msiba kama ule. Ila somo la kuketi chini ya yule wa zamani bila kumwonea wivu laweza kumfaa. Paulo alipomwandikia Timotheo kwa mara ya pili, katika sura ya kwanza, alimkumbusha habari ya karama iliyo ndani yake, naye alitumia neno la mtu anayeamsha moto. Mama zetu walioficha makaa ndani ya majivu usiku wanaijua kazi hiyo. Asubuhi huwezi kutupa gogo juu ya kaa moja, utalizima. Unaondoa majivu taratibu, unaweka vijiti vikavu, unapuliza kidogo. Zile dakika 15 za kila siku ndizo vijiti vikavu.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Je, ni halali?

Yatupasa kwanza kuwaheshimu waliolitundika gita. Vijana wa leo, ambao wamezaliwa na kulikuta gita limo kanisani, huwacheka wazee kwa jambo hilo, na hawafanyi vyema. Katika nchi yetu gita halikupata sifa yake kanisani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia liliingia kwa wingi mijini na vijijini. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye muziki wake ulinaswa mwaka 1952, alifika Nairobi mwishoni mwa miaka ile ya 1950, na vijana wengi wakajifunza kwa kumwiga. Upande wa Kakamega alikuwako George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963 angali kijana. Walikuwa mafundi wa kweli. Lakini palipopigwa gita palikuwa hasa penye dansi na pombe, na mishahara iliyoishia huko watoto wakilala njaa. Mtu aliyeokoka katika siku za uamsho, ule uliotoka Rwanda ukafika kwetu mwaka 1937 na kuendelea vizazi vingi, alipoweka gita chini alikuwa akifunga mlango mmoja wenye hatari. Mkewe alijua thamani ya mlango ule. Asichekwe.

Ubishi huu wala haukuanzia kwetu. Martin Luther alipiga ala ya nyuzi iliyo ndugu ya udi wetu wa Pwani, akaupenda muziki maisha yake yote. Ulrich Zwingli wa Zurich naye alikuwa hodari wa ala nyingi, labda kuliko Luther. Lakini chini ya uongozi wake vinanda vya makanisa ya Zurich vilinyamazishwa, na kile cha kanisa kuu kikavunjwa mwaka 1527. Hao wawili ni baba zetu wote. Na ule wimbo ambao kila kanisa letu huuimba mkesha wa Krismasi, Usiku Mtakatifu, uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 katika kanisa la Oberndorf, nchi ya Austria. Waliouimba ni kasisi Joseph Mohr na mwalimu Franz Xaver Gruber aliyeutungia sauti, na ala iliyouongoza usiku ule ilikuwa gita, mikononi mwa yule kasisi. Mzee wa kanisa anayesema gita halijapata kuingia mahali patakatifu na aambiwe habari hiyo kwa upole.

Na Maandiko yasemaje? Nabii Amosi, katika sura ya sita, anawakemea watu waliojilaza vitandani wakiimba kwa vinanda na kujitungia ala kama Daudi, wala hawahuzuniki kwa mateso ya Yusufu. Angalieni kwamba wanatajwa pamoja na Daudi. Ala ni zile zile. Mmoja alizipiga Sauli akapata nafuu, wengine wakazipiga ili wasisikie kilio cha jirani. Neno hilo lahukumu muziki wa baa, na lahukumu pia kwaya inayopiga vyombo vya thamani ukumbini huku mjane aliye nyuma ya kanisa anavujiwa na paa.

Tena iko Zaburi ya 137, ya wale waliochukuliwa mateka Babeli. Walivitundika vinubi vyao katika miti, kwa maana waliotaka kusikia ni watesi waliotaka burudani. Wakati huo kutopiga kulikuwa ndiyo heshima. Lakini walivitundika, hawakuvichoma. Mtu hutundika kitu anachotazamia kukishusha. Ndugu yetu naye alitia gita katika gunia, mahali pakavu, juu ya kabati, akalihamisha kila alipohama nyumba. Kwa miaka 25 hakuliuza wala hakumpa mtu. Na ajiulize ni kwa nini.

Hata hivyo hatutasema kwamba jibu ni ndiyo kwa kila mtu. Wako ambao mkono wao ukishika gita, koo lao hukumbuka chupa. Kama tulivyosema, mikono ina kumbukumbu yake, nayo haichagui kukumbuka mema tu. Mtu wa namna hiyo akiliacha gita juu ya kabati hata siku ya kufa kwake, hajapoteza kitu mbele za Mungu, na vijana watapata mpigaji mwingine. Yeye mwenyewe anajijua, na mkewe anamjua zaidi. Kwa hiyo tunamshauri ndugu yetu azungumze kwanza na mkewe, wala asimfiche kwa kufunga mlango usiku. Kisha awaendee wazee wa kanisa, kabla ya kupiga mbele ya watu na si baada ya hapo. Awaeleze wazi: "Nililiacha kwa sababu hii, nataka kulirudia kwa sababu hii." Wako bado ndugu waliokuwapo siku ile alipotubu. Paulo katika sura ya 14 ya Warumi ametuonya tusimkwaze ndugu kwa jambo ambalo kwetu ni safi. Wakimwambia angoje, angoje. Muda huo hautapotea, sugu zinaota.

Wakimruhusu, na ajue anarudi kwenye nini. Harudi kwenye kiti cha mbele alichokiacha ukumbini. Vijana wana nyimbo zao, na mtindo wao wa kupiga hautakuwa wake. Mwanzoni akae nyuma, apige taratibu mishiko mitatu tu, ile ya G, C na D. Atashangaa ni nyimbo ngapi za ibada zinazotosheka na hiyo mitatu. Sauti za akina mama zikipanda juu kuliko mishiko anayoijua, kiko kibano kidogo kiitwacho kapo ambacho hufungwa shingoni mwa gita na kuzipandisha nyuzi zote pamoja, asihangaike na mishiko migumu ambayo vidole vyake bado havijaiweza. Aanze na tenzi za mwendo wa pole alizozijua tangu utoto, kwa kuwa hapo sikio litamsaidia badala ya kumshitaki. Na tangu juma la kwanza amketishe binti yake karibu naye, amwonyeshe kila anachokumbuka siku hiyo, hata kikiwa kidogo. Kwa kumfundisha yeye atayakumbuka mengi ambayo peke yake asingeyapata, na kanisa halitabaki tena bila mpigaji siku mmoja wao atakapopata kazi mjini.

Katika sura ya tatu ya Kitabu cha Pili cha Wafalme, wafalme watatu walikuwa nyikani na majeshi yao, maji yamekwisha, wakamwendea Elisha. Nabii aliomba aletewe mpiga kinanda. Yule mtu alipopiga, mkono wa Bwana ukamjia Elisha, na neno likatoka lililowaokoa maelfu na kiu. Huyo mpigaji alikuwa nani? Hatukuambiwa jina lake, wala alipiga wimbo gani, wala kama alipata kukosea. Alipiga, mwingine akasema, akatoka katika habari.

Mwisho wa barua yake ndugu yetu anauliza kama inampasa auze mbuzi wake wawili anunue gita jipya. Hapana, asiuze bado. Anunue nyuzi kwanza, za namna iliyo sawa na gita lake, alipeleke kwa fundi aitazame shingo na daraja. Fundi akisema mbao zimekwisha kabisa, hapo azungumze na mama watoto habari za mbuzi, na akikubali, mmoja huenda akatosha. Tutafurahi kupata barua yake nyingine baada ya miezi mitatu, na binti yake naye atuandikie.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaendelea na barua za wasikilizaji. Bwana awe nanyi.